Kumhamisha farasi umpendaye kutoka Usa River hadi Mafinga

Farasi ni wachache nchini kwetu, na mmiliki wa Usa River, Moshi au Kilimanjaro Magharibi anayepata kazi au shamba jipya mikoa ya kusini hugundua mapema kwamba hakuna lori maalumu la farasi linalomsubiri stendi. Mipango yote humwangukia yeye, pamoja na saisi wake, yaani mtunza farasi, na dereva ambaye huenda maisha yake yote amebeba ng'ombe na mbao tu. Mwongozo huu unafuata safari moja halisi, ya kilomita kati ya 750 na 800 kutoka Usa River kupitia Babati, Kondoa, Dodoma na Iringa hadi Mafinga wilayani Mufindi, lakini kanuni zake zinafaa kwa safari yoyote ndefu ya barabara.

Kanuni iliyo juu ya zote ni kwamba ratiba ya safari hupangwa na mapafu na utumbo wa farasi. Dereva na mwenye gari hawana kauli hapo. Farasi hula kidogo kidogo mchana kutwa, na utumbo wake ukikaa mtupu au ukikosa maji hupata msokoto wa tumbo, maradhi ambayo humuua farasi mzima kwa muda wa saa chache. Hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia tumboni hakina njia ya kurudi. Mapafu nayo husafishwa farasi anapoinamisha kichwa, kama afanyavyo malishoni. Akifungwa kichwa juu saa nyingi, vumbi na bakteria hujikusanya kwenye njia ya hewa, na siku mbili tatu baadaye homa ya mapafu hujitokeza wakati mmiliki ameshasahau safari. Karibu kila ushauri unaofuata unatokana na mambo hayo mawili.

Miezi miwili kabla

Chagua msimu kwanza. Kaskazini kuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya mwisho wa mwaka, ilhali Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua unaoanza karibu Novemba na kuishia Aprili. Mufindi, ambako mashamba mengi yako juu sana kuliko Usa River, huwa na baridi kali na ukungu kati ya Juni na Agosti, na farasi aliyezoea joto la chini ya Mlima Meru hana manyoya ya kumkinga. Kwa hesabu hiyo Septemba na mwanzo wa Oktoba ndicho kipindi kinachofaa zaidi: barabara ni kavu pande zote mbili, baridi imepungua, na wadudu ni wachache kuliko baada ya mvua.

Sababu ya wadudu ina uzito kuliko barabara. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao virusi vyake huenezwa na usubi, huua sehemu kubwa ya farasi wasio na kinga wanaoupata, wakati punda na pundamilia huubeba bila kuonyesha dalili kubwa. Chanjo yake inayotumika zaidi katika ukanda huu hutolewa kwa dozi mbili zinazopishana kwa wiki tatu au zaidi, na farasi hapaswi kuchoshwa katika siku zinazofuata kila dozi. Kwa hiyo daktari wa mifugo aitwe miezi miwili kabla, si wiki mbili. Katika ziara hiyohiyo ahakikishe chanjo ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa, akague meno, na apime damu kama farasi amewahi kuugua maradhi ya kupe au nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kwa kuwa uchovu wa safari unaweza kuamsha ugonjwa uliokuwa umetulia.

Vibali vishughulikiwe wakati huohuo. Chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, mnyama anayesafirishwa kutoka wilaya moja hadi nyingine huhitaji kibali cha kusafirishia, ambacho kwa mkazi wa Usa River huanzia ofisi ya mifugo ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Nenda na uthibitisho wa umiliki, barua ya serikali ya kijiji au mtaa, kumbukumbu za chanjo, na maelezo ya farasi yanayojitosheleza: jinsia, umri, rangi, baka la usoni, rangi ya kila mguu, na picha za pande zote mbili. Maofisa wa vizuizi vya mifugo huona ng'ombe kila siku na farasi mara chache, kwa hiyo karatasi yenye picha huokoa muda ambao farasi angeutumia kusimama juani. Piga nakala tatu; moja akae nayo dereva, moja saisi, na moja wewe. Wasiliana pia na daktari wa mifugo wa wilaya unakokwenda, ili ajue farasi anakuja na uwe na namba ya kumpigia usiku wa kwanza.

Anayevuka mpaka, kwa mfano kupitia Namanga kwenda Kenya, anahitaji kibali cha kuingiza mnyama kutoka nchi anayokwenda pamoja na cheti cha afya cha hapa, na asimpakie farasi kabla vyote viwili havijawa mkononi.

Lori

Mafinga ni kitovu cha biashara ya mbao, na malori yanayoleta mbao kaskazini mara nyingi hutafuta mzigo wa kurudi nao. Hapo ndipo penye nafuu ya bei, lakini usikubali gari kwa kuangalia bei peke yake. Ingia ndani ya bodi, piga magoti, tazama sakafu: mbao zilizooza, misumari iliyochomoza, mabaki ya mbolea au saruji. Uliza gari lilibeba nini mara ya mwisho. Kama lilibeba chakula cha kuku au cha ng'ombe, lioshwe kwa maji mengi mpaka kwenye pembe, kwa sababu baadhi ya vyakula hivyo huchanganywa na monensini, dawa isiyomdhuru kuku lakini inayoharibu moyo wa farasi hata kwa kiasi kidogo. Kwa sababu hiyohiyo, saisi na utingo waambiwe waziwazi kwamba farasi akiishiwa chakula njiani asinunuliwe chakula cha mifugo wengine dukani.

Fuso yenye kuta ndefu kupita mgongo wa farasi inatosha kwa mmoja au wawili. Mwombe fundi wa kuchomelea aweke mabomba ya kugawa chumba chenye urefu wa kumtosha farasi kusogeza mguu mbele na nyuma anapotafuta mizani, lakini kisiwe kipana kiasi cha kumwezesha kugeuka. Kona zote za chuma zivishwe vipande vya godoro na kufungwa kwa mpira. Sakafuni tandaza mchanga kidogo, kisha mikeka ya mpira, kisha maranda ya mbao yaliyonyunyiziwa maji ili yasitoe vumbi. Hakikisha bomba la moshi halielekei ndani ya bodi. Juu weka turubai la kumkinga na jua, ukiacha nafasi ya hewa kupita pande zote.

Rangi ya turubai hilo ina maana kuliko inavyodhaniwa. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na wana tabia ya kukimbiza kitu kinachotembea. Turubai la buluu, ambalo ndilo limejaa madukani, ni mwaliko kwao katika kipande cha barabara kilicho karibu na hifadhi. Tafuta jeupe au la kaki.

Kumzoesha

Farasi afundishwe kupanda lori angalau wiki tatu kabla, na si usiku wa kuamkia safari huku watu sita wakimsukuma kwa kamba nyuma ya mapaja. Kama shamba halina kipandishio, chimba sehemu ya magurudumu ya nyuma kwenye mteremko au rudisha gari kwenye tuta la udongo, ili sakafu ya bodi ilingane na ardhi. Usiende kupakilia kwenye mnada wa ng'ombe kwa sababu tu pana kipandishio. Pana pia kupe na maradhi ya mifugo kutoka kila upande.

Siku za mwanzo mpe chakula chake cha jioni mlangoni mwa bodi na umwache arudi. Baadaye ndoo isogezwe ndani, hatua moja, kisha mbili. Akishakula ndani bila kunyanyua kichwa kila dakika, funga kizuizi cha nyuma kwa muda mfupi. Akizoea hilo, dereva awashe injini bila kuondoka. Akizoea na hilo, gari lizunguke shamba na kurudi. Mzee mmoja wa Usa River aliyefanya kazi ya usaisi tangu ujana wake alikuwa akimwambia dereva, «Mwanangu, leo hatuendi popote, washa tu tumsikilize,» kisha anasimama kando ya farasi mkono ukiwa begani mwake, akingoja ile misuli ya bega iache kutetemeka. Ilipotulia ndipo alipopunga mkono injini izimwe. Mwenye haraka hukerwa na somo la namna hiyo, lakini farasi aliyefundishwa hivyo hupanda asubuhi ya safari kama anaingia bandani.

Sindano ya kumtuliza si mbadala wa mafunzo. Farasi aliyelewa dawa hupoteza mizani, na kwenye kona za milimani huanguka. Kama daktari ataona ulazima, yeye ndiye aamue dawa na kiasi, tena asafiri naye.

Vitu vya kubeba

Beba nyasi kavu na maji ya nyumbani. Farasi wa kilo 450 hula nyasi kavu kilo 7 hadi 9 kwa siku na kunywa lita 25 hadi 50 za maji, zaidi kukiwa na joto. Marobota ya kutosha siku tatu za njiani na wiki mbili za mwanzo huko Mafinga si mengi kupita kiasi, kwa kuwa mabadiliko ya chakula yanatakiwa kufanywa taratibu kwa siku 7 hadi 10. Maji ni suala la ladha: farasi wengi hugoma maji wasiyoyazoea, na ya Dodoma yana chumvichumvi. Jaza madumu, na wiki moja kabla ya safari anza kutia molasi kidogo kwenye maji yake ya nyumbani, ili ladha hiyohiyo ifunike maji ya ugenini. Nafaka punguza siku moja kabla ya kuondoka na usimpe kabisa asubuhi ya safari. Njiani ni nyasi tu.

Nyingine ni kipimajoto, kisu kikali cha kukatia kamba, blanketi, dawa ya kufukuza wadudu iliyoandikwa kuwa inafaa farasi, na ndoo yake ya kila siku. Farasi afungwe kwa kamba imara iliyounganishwa na kitanzi chembamba cha katani, ambacho kitakatika chenyewe akianguka. Urefu wa kamba umruhusu kushusha kichwa hadi usawa wa kifua.

Njiani

Wengi watakushauri upite Moshi, Chalinze na Morogoro kwa kuwa ni njia kubwa ya malori. Ni ndefu zaidi, ina joto la mabondeni, inakatiza Hifadhi ya Mikumi yenye mbung'o, na inamalizia na kupanda Kitonga nyuma ya msururu wa malori yanayofuka moshi. Njia ya Dodoma ni bora, na kwa farasi igawanywe siku tatu ingawa dereva atakuapia kwamba anaweza kuimaliza kwa siku moja na nusu.

Siku ya kwanza ondokeni saa 11 alfajiri, mtumie barabara ya mchepuo inayozunguka Jiji la Arusha, na msimame kwa mara ya kwanza karibu na Makuyuni. Hapo farasi anywe, apumzike nusu saa bila kushushwa, kisha apakwe upya dawa ya wadudu, kwa kuwa kipande kinachofuata, kupita Kwa Kuchinja na Minjingu, kiko kati ya Tarangire na Manyara, penye mbung'o na pundamilia. Pale pasiwe na kusimama hata kwa ajili ya chai. Kituo cha pili ni Babati, kisha milima ya Bereko na Kolo taratibu hadi Kondoa, mkilala huko. Siku ya pili ni fupi kwa makusudi, kwani mkiondoka mapema mnafika Dodoma kabla ya jua kali na farasi anapata mchana mzima na usiku mzima wa kupumzika. Siku ya tatu ondokeni saa 10 alfajiri ili bwawa la Mtera, ambalo ndilo eneo la chini na la joto kuliko yote ya safari hii, mlipite asubuhi na mapema, kisha mpande Nyang'oro, mpumzike Iringa na mmalizie kilomita 80 za kwenda Mafinga.

Sehemu za kulala zipangwe kabla kwa simu: shamba au uwanja wenye uzio, mbali na zizi la ng'ombe. Farasi ashushwe, atembezwe, na nyasi awekewe chini kabisa ili mapafu yajisafishe akiwa ameinama.

Dereva akubaliane nanyi mambo mawili tangu mwanzo: mwendo wa kilomita 50 hadi 60 kwa saa kwenye lami nzuri, na breki za polepole kabla ya kila tuta. Njia nyepesi ya kumfundisha ni kumsimamisha ndani ya bodi kwa kilomita chache, mikono mfukoni, huku mwenzake akiendesha. Akishuka, hahitaji mahubiri.

Kila mnaposimama, na isipite zaidi ya saa nne bila kusimama, saisi apande na kufanya ukaguzi uleule kwa mpangilio uleule. Ahesabu pumzi kwa kutazama ubavu: akiwa ametulia huvuta kati ya 8 na 16 kwa dakika. Mapigo ya moyo, yanayopimwa kwa kidole kwenye mshipa ulio chini ya mfupa wa taya, yawe kati ya 28 na 44. Abonyeze ufizi kwa kidole gumba. Ukibaki mweupe zaidi ya sekunde mbili kabla ya kurudi rangi yake, maji yamepungua mwilini. Kisha aweke sikio ubavuni, nyuma ya mbavu za mwisho, na asikilize. Utumbo wenye afya hunguruma na kububujika bila kukoma kwa muda mrefu. Kimya kabisa ni habari mbaya kuliko kelele yoyote. Atazame pia kinyesi kilichoanguka tangu kituo kilichopita: mabonge ya kawaida yanayopasuka yakianguka ni mazuri, mabonge madogo, makavu na yenye utando yanadai maji zaidi.

Farasi anayetazama ubavu wake, anayekwangua sakafu, anayetoka jasho gari likiwa limesimama au anayetaka kulala na kujiviringisha ana maumivu ya tumbo. Ondoeni nyasi, mshusheni penye usalama, mtembezeni polepole na mpigieni daktari. Kamwe asinyweshwe mafuta, soda wala dawa ya mitishamba kwa chupa mdomoni kama anyweshwavyo ng'ombe, kwa sababu sehemu ya kinywaji hicho huishia mapafuni.

Mafinga

Akifika, apewe maji, nyasi na utulivu, na umati wa majirani wanaotaka kumwona uombwe urudi wiki ijayo. Joto la mwili lipimwe asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Kawaida yake ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, na likizidi hapo, au akikohoa na kutokwa usaha puani, daktari aitwe siku hiyohiyo. Usiku, tangu jua linapokaribia kuzama hadi kupambazuke, alale bandani penye chandarua madirishani dhidi ya usubi. Blanketi avishwe usiku wa baridi, likaguliwe asubuhi kama limelowa jasho.

Kabla ya kumfungulia malishoni, tembea mpaka wote wa uzio. Mufindi na Njombe zimepandwa parachichi kwa wingi, na majani, magome na matunda ya mti huo ni sumu kwa farasi. Tawi moja linaloning'inia kutoka shamba la jirani linatosha kuleta msiba. Ng'oa pia magugu ya jamii ya kangaga (fern), yanayostawi kwenye udongo wa milimani. Mahindi ni ya bei nafuu mkoani humo, na kishawishi cha kumpa yaliyobaki ghalani ni kikubwa, lakini punje zenye ukungu huweza kubeba sumu inayoozesha ubongo wa farasi, na hakuna tiba. Yanayomfaa ng'ombe hayamfai yeye hata kwenye kupe: dawa za kuogeshea ng'ombe zenye amitrazi husimamisha utumbo wa farasi, na baadhi ya sindano za nagana ambazo mfugaji hujichomea mwenyewe kwa ng'ombe zina hatari kwake. Mwandikie mlinzi wa shamba orodha hiyo na uibandike mlangoni pa stoo.

Saisi aliyesafiri naye abaki angalau wiki mbili kama inawezekana, na mlipeni kwa hilo. Farasi amepoteza mlima aliouzoea, harufu ya banda na pengine punda aliyekuwa akilala naye. Mtu anayemjua ndiye kitu pekee cha zamani kilichobaki. Kama wewe mwenyewe huhamii huko na farasi anakwenda kwa mmiliki mwingine, ukurasa mmoja wa tabia zake una thamani kuliko tandiko jipya: upande anaopenda kufungwa hatamu, kwato asiyotaka kushikwa, sauti inayomtisha, saa anayozoea kulala.

Kama kuna farasi au punda wengine shambani, atengwe siku 21 kwa ndoo, brashi na matandiko yake mwenyewe, akiwaona kwa mbali tu. Kwa wiki mbili za mwanzo asipandwe, kwa kuwa mapafu na damu vinahitaji muda kuzoea hewa nyepesi ya mwinuko; atembezwe kwa mkono, kila siku mbali kidogo zaidi. Zikikamilika siku 21 bila homa, aachwe na wenzake kwanza kwenye nyua mbili zinazopakana, wanusane juu ya uzio, na lango lifunguliwe asubuhi ya siku ambayo mtu mzima atakuwepo shambani hadi jioni.